Betri Iliyolala kwa Wakwe

Nilikwenda Likasi kununua samaki. Hivyo ndivyo nilivyowaambia majirani, wenzangu wa sokoni na hata binti yangu Nadège, na kwa kuwa kweli mimi ni muuza samaki wa kukaushwa hapa Lubumbashi, hakuna aliyenitazama mara mbili. Lakini ninyi mnaosoma nitawaambia ukweli tangu mwanzo: nilikwenda kuchungulia ukoo.

Nadège alikuwa amepata mchumba. Kijana anaitwa Fiston, ni muuguzi, mpole, anavaa viatu safi hata wakati wa mvua, jambo ambalo peke yake lilitosha kunitia shaka. Wazazi wake wanakaa Likasi, upande wa Panda. Kaka zangu walikuwa wakingoja neno langu moja tu: tuwapokee watu wa Fiston waje na mahari, au tusiwapokee. Na neno hilo lilinikwama kooni, kwa sababu mwenzangu mmoja wa sokoni, mzaliwa wa Likasi, aliniinamia siku moja juu ya meza ya samaki akaninong'oneza kwamba baba wa yule kijana alikuwa dereva wa malori ya madini akafukuzwa kazi kwa wizi wa mafuta. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nilipomwambia Nadège alilia, akasema Fiston hajamficha kitu, baba yake alisingiziwa. Sawa. Lakini mimi nimeuza samaki tangu ujana, na najua kwamba samaki aliyeoza hupangwa chini, wazima juu. Binti ninaye mmoja. Nikaona niende nikatie mkono chini ya kikapu mwenyewe.

Asubuhi ya Ijumaa, kabla jua halijawa kali, nilipitia kwa fundi Zacharie. Gari langu ni kombi ya Kijerumani iliyoletwa kutoka Ulaya ikiwa tayari imechoka, na ndani yake hunuka samaki hata madirisha yakiwa wazi. Juma zima gari lilikuwa linaamka kwa kigugumizi, na taa nyekundu yenye picha ya betri ilikuwa inawaka na kuzimika. Zacharie alifungua boneti, akapima, akatikisa kichwa.

"Mama Nadège, batri imezeeka. Ingali na nguvu kidogo, mais isikudanganye."

Kisha akanionyesha kidude cheusi, kidogo kama kiberiti, kilichoshikana na kebo kwenye kichwa cha betri upande wa hasi.

"Unaona hii? Ni capteur. Njo inapimaka batri, inaambia ordinateur, kompyuta ya gari: leo batri iko na nguvu, leo imechoka. Siku ya kubadirisha batri, hii inabakia mu gari. Usiache muntu anaitupa."

"Basi badirisha leo."

"Batri ya hii gari sina. Itafika juma inayokuya. Ngojea kwanza."

Sikungoja. Fundi akikuambia ngoja, mara nyingi anayengojwa ni fundi mwenyewe na mapato yake, ndivyo nilivyowaza. Nikamshukuru, nikapanda, nikaondoka. Aliniita kutoka nyuma akasema nisizime injini ovyo njiani. Hilo nililishika.

Barabara ya kwenda Likasi naijua kama ninavyoijua njia ya kisimani kwetu. Ukishalipa kizuizini, mji unakuacha taratibu, yanaanza magunia ya makala, yaani mkaa, yaliyosimamishwa kando kando, halafu malori. Ee, malori! Mengine yanapanda na mzigo uliofunikwa maturubai, mengine yanashuka matupu kwa haraka. Siku hiyo nilikuwa natazama kila dereva usoni. Nilijiuliza yupi kati yao anauza mafuta ya tajiri wake porini, na kwa jinsi moyo wangu ulivyokuwa, wote niliwaona wana sura ya kuuza. Kufika Luisha nilikuwa nimeshawahukumu madereva wa nusu ya Katanga.

Kapolowe nilisimama bila kuzima injini. Akina mama wa samaki walikimbilia dirishani na vikapu. Samaki wa Tshangalele wakikaushwa vizuri huwa na rangi ya shaba na wanapiga kelele ukiwagonga. Wakilowanishwa ili wawe wazito, hunyamaza. Niliwagonga mmoja mmoja, gari likinguruma nyuma yangu.

"Mama, zima gari, unakula mazout ya bule!" mmoja alinicheka kwa dizeli niliyokuwa nachoma.

"Nikizima itakuwa yako," nilimjibu, na wote wakacheka. Nikajaza vikapu vyangu pale pale, ili uongo wangu uwe na harufu. Sikufikiri kwamba mtu mwenye akili angeweza kuniuliza: ukishajaza samaki Kapolowe, Likasi unafuata nini?

Mchana nilianza kuona vilima vya Likasi. Mpango wangu ulikuwa hivi: nipite mbele ya nyumba yao polepole, niangalie paa, mlango, watu wanaotoka na wanaoingia, niwaulize majirani mawili matatu, kisha nikalale kwa binamu yangu anayekaa mtaa wa Kikula. Hakuna ambaye angejua. Nikaingia Panda, nikaihesabu mitaa, nikaiona nyumba ya zamani ya wafanyakazi yenye ukuta uliopakwa chokaa upya. Na mbele yake, katikati ya barabara, mwanamke mnene amejifunga kitenge cha sikukuu, anapunga mikono miwili kama anayeongoza ndege kutua.

"Mama Nadège! Karibu! Nadège alitupigia simu, alisema utapita!"

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilisimama, nikashuka kwa adabu na, kwa mazoea ya adabu hiyo hiyo, nikazima injini.

Mama Fiston alinikumbatia hadi kilemba kikaanguka. Nyuma yake alisimama Papa Fiston, mrefu, mkavu, mvi kichwani, shati limepigwa pasi. Hakunipa mkono, wala mimi sikumpa wangu. Kwetu ndivyo ilivyo. Mama wa binti na baba wa kijana ni wakwe, na wakwe wana haya: hawatazamani machoni, hawapokezani kitu mkono kwa mkono, na neno zito hupitishwa kwa mtu wa katikati hata kama wamekaa kwenye mkeka mmoja. Ndoa ilikuwa bado, lakini haya ilikuwa imeshatangulia.

Nilikunywa munkoyo, kinywaji cha mahindi walichonipa, nikasifu chokaa, nikaaga. Nikawasha gari. Lilisema tik. Nikajaribu tena. Tik. Mara ya tatu halikusema kitu.

Papa Fiston alifungua boneti. Alikuwa anashika vyuma kwa mikono ya mtu anayevijua, na nilianza hata kumwonea fahari, ghafla akaganda. Alikuwa amekiona kile kidude. Aliinama, akakigusa kwa ncha ya kidole, akarudisha mkono. Kisha akamgeukia mkewe, si mimi.

"Umuulize mama, hii kintu ni ya nani?"

"Ni ya gari," nilijibu.

"Umuulize nani aliitia."

"Ilikuya na gari."

Uso wake ulifungwa kama duka siku ya maziko. Nikajisemea: ahaa, huyu ameona kitu kinachoweza kuuzwa. Mwizi hujulikana kwa anachokitazama.

Jioni hiyo jua likiwa bado juu ya kilima, alikuja na spana zake akaanza kufungua betri yangu.

"Juu ya nini anaitosha?" nilimuuliza Mama Fiston. Kutosha, kwetu, ni kutoa, na juu ya nini ni kwa nini.

"Batri inalalaka mu nyumba, mama," alinijibu akicheka. "Huku ukiiacha mu gari, asubui utakuta fasi yake tu. Bezi beko mingi. Shiye bote tunafanyaka vile."

Na kweli, nilipotazama mtaani, jirani mmoja alikuwa anapita uani na betri yake ameikumbatia kama mtoto anayepelekwa kuogeshwa, na mwingine ng'ambo anafanya vivyo hivyo. Lakini desturi ya mtaa mzima haikunituliza. Nilijiambia kwamba kama kila mtu anaogopa wezi, basi wezi wenyewe nao lazima wakae katika nyumba mojawapo. Papa Fiston aliibeba betri yangu pamoja na kebo yenye kidude, akaingia nayo chumba cha nyuma, akafunga mlango.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Wakati wa kula, taa ndogo nyeupe iliwaka sebuleni, waya wake ukitokea chini ya mlango wa chumba kile kile. Mbele yangu kulikuwa na bukari ya moto, ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo na kuku waliyemchinja kwa ajili yangu, lakini macho yangu yalikuwa kwenye ule waya. Wananilisha, nikawaza, huku wanainyonya betri yangu. Wala sikujiuliza betri iliyoshindwa hata kusema tik ingewashaje taa jioni nzima. Mtu mwenye shaka hapigi hesabu yote. Anapiga nusu inayompendeza. Nilipokwenda kunawa mikono niliwasikia wawili hao wakinong'onezana jikoni, na neno nililolinasa lilikuwa moja: mouchard.

Neno hili nalijua, kila mtu Katanga analijua. Ni kisanduku ambacho makampuni hukifunga kwa siri ndani ya lori, ili wakubwa ofisini wajue limepita wapi na limesimama wapi. Nilidhani wananisema mimi, kwamba nimekuja kuwapeleleza, na kwa kuwa ilikuwa kweli nilikasirika sana.

Jumamosi asubuhi, Papa Fiston hakuwapo. Betri yangu nayo haikuwapo.

"Alienda kwa muntu anachajaka bintu," alisema Mama Fiston, akifagia mahali palipokuwa pasafi.

"Na kebo?"

"Kebo?" Akaanza kusifu samaki wangu.

Alirudi jua likiwa utosini, akazunguka nyuma ya nyumba, akatokea amebeba betri. Haikuwa yangu. Yangu ilikuwa na kifuniko cheusi. Hii ilikuwa ya kijivu, imefutwa vumbi vizuri, imekwaruzwa pembeni. Aliipachika garini, ikabana kidogo, akaifungia kebo nyingine nene ya lori. Kidude hakikuwapo. Nilisimama pale nimeshika kiuno, na ile haya ya wakwe imenifunga mdomo. Nikawasha. Gari liliamka kwa mara moja, lakini taa za mbele ya usukani ziliwaka zote kwa pamoja, za njano na nyekundu, kama Noeli katika kanisa la matajiri. Gari lilikuwa linalia, limepotelewa na kipimo chake.

"Batri yako imekufa kabisa, mama," Mama Fiston alinipasha. "Papa amekutilia ingine."

"Na yangu iko wapi?"

"Iko pale ku nyuma, chini ya gunia."

Nilikwenda kuangalia chini ya gunia. Betri yangu nzee ilikuwa pale. Kebo na kidude havikuwapo. Sasa nilikuwa na hakika. Katika mawazo nilimwona Nadège amevaa shela, ameketi katika nyumba ambamo kitu cha mgeni hupotea kati ya chakula cha jioni na cha asubuhi, na moyo uliniuma kwelikweli. Nikasema nakwenda kununua chumvi.

Nilichokwenda kutafuta ni mwizi wangu. Kule Kikula, kuna mtaa wanauza vipuri vya magari, vyombo vimetandazwa juu ya maturubai: taa, pampu, vioo, milango isiyo na magari. Kitu kikiibwa Panda, nilijiambia, hapa ndipo kitakapojitokeza. Muuzaji wa kwanza hakujua. Wa pili, kijana mwenye miwani ya jua aliyekaa juu ya matairi, alimsikiliza huyu mama anayenuka samaki mpaka mwisho.

"Capteur ya batri? Aba, mama, hapana, sina. Mais leo asubui muzee moya alikuya na kebo iko na ile kintu."

Nilimsogelea. "Aliuzisha kwa nani?"

"Kuuzisha? Minye nilitaka kuitwaa, alikatala! Alisema: hapana, si yangu, ni ya mukwe wangu. Alikuwa anataka kujua kintu moya tu."

"Kintu gani?"

"Kama ile kintu inaonaka fasi gari inaenda. Nilimuambia sijue, minye ninauzishaka bintu, sijuake kazi yake yote. Akaenda. Alikuwa na woga, yule muzee."

Nilinunua chumvi, maana nilikuwa nimesema nanunua chumvi. Kisha nikakaa ndani ya gari, taa zote zikiniwakia usoni. Mwizi anayekataa kuuza, huyo ni mwizi wa namna gani? Shaka yangu haikuondoka, lakini ilikuwa imegeuka upande mwingine, na sikujua tena ni nani anayemshuku nani.

Jioni niliporudi, giza lilikuwa linaanza kuingia na umeme bado haujarudi. Mama Fiston alileta mshumaa juu ya sahani. Papa Fiston aliketi karibu na mlango, uso ameuelekeza uani. Mimi niliketi ukutani, uso nimeuelekeza jikoni. Mama Fiston aliketi katikati, maskini, akiwa daraja.

"Mama Fiston," nilisema, "umuulize Papa, taa ya jana iko wapi?"

"Papa Fiston, mama anauliza taa ya jana iko wapi."

Alikuwa amesikia vizuri, chumba chenyewe ni kidogo. Lakini alingoja neno limfikie kwa njia yake.

"Umuambie taa iko pale juu. Batri ya taa njo iko mu gari yake."

Betri ile ya kijivu ilikuwa ya nyumba yao. Walikuwa wameitoa wakakaa gizani ili mimi niweze kurudi kwangu, na mimi nilikuwa nimeshinda mchana mzima natafuta wizi wao sokoni. Niliona aibu, lakini aibu haikunizuia kuuliza lililobaki.

"Mama Fiston, umuulize tena: boîte kidogo, ile kintu ya ku batri yangu, iko wapi?"

Mama Fiston hakulipitisha swali. Aliziba mdomo kwa kitenge, mabega yakaanza kutikisika.

"Iko mu nyumba ya kuku," alisema.

"Mu nyumba ya kuku?"

"Mu sufuria. Ameifunika, akatia jiwe juu. Anasema vile haitaweza kuona."

Papa Fiston hakucheka. "Umuulize mama," alisema, "nani alimutuma kuniletea mouchard mu lupango, ku nyumba yangu?"

Hapo nikasahau haya, nikasahau ukwe, nikamgeukia mzima mzima.

"Mouchard gani, Papa Fiston! Ile ni ya kupima batri!"

Naye akanigeukia, macho kwa macho.

"Na ile bakubwa balitiaka mu camion, ile lori yangu, unazani balisemaka ni ya nini? Balisemaka ni ya kupima mazout!"

Mama Fiston aliacha kucheka. Tulikuwa tumevunja kitu, sisi watu wazima wawili, na hakuna aliyejua kukiokota. Basi Papa Fiston, kwa kuwa kilikuwa kimeshavunjika, akaendelea kusema.

"Nilitoka Kolwezi na muzigo, sikulala. Kufika ku daraja ya Lufira, macho ilinishinda. Nikasimamisha camion, nikalala. Ile kintu ikabaambia: amesimama pale, amesimama sana. Na mazout ilipatikana kidogo. Bakasema niliuzisha. Mama, ile kintu inajuaka fasi uko. Haijuake juu ya nini uko pale. Na hakuna muntu aliniuliza."

Nilimtazama sana. Nimezoea kumtazama mtu anayenipangia bei, najua jicho linavyokwepa. Lake halikukwepa, lakini jicho si ushahidi, na mafuta yalipungua kweli. Mpaka leo sijui, na sitawadanganya kwamba najua.

"Na weye," alisema, sasa polepole, "ulikuya Likasi kutafuta samaki. Samaki iko Kapolowe. Bitunga yako ya samaki ilifika hapa ikiwa imejaa. Ku Panda hakuna ziwa. Ulikuya kutafuta nini?"

Nilitazama mshumaa.

"Nilikuya kubaangalia," nikasema.

"Eh bien," alisema. "Umeshatuona."

Akainuka akatoka. Tulisikia kuku wakilalamika, jiwe likianguka, kisha akarudi na sufuria ameibeba kwa mikono miwili. Ndani yake mlikuwa na kebo yangu imekunjwa vizuri, kidude kikiwa mahali pake, na kando yake leso ya bluu iliyofungwa fundo. Mama Fiston aliichukua sufuria kwake akaiweka mbele yangu, nikalifungua lile fundo. Mlikuwa na bolti na nati za kebo, zote, zimefutwa mafuta.

Nilizihesabu. Alikuwa na woga wa kile kidude kiasi cha kukizika mbali na nyumba. Mtu mwenye woga hukata waya kwa kisu, haraka, amalize. Huyu alikuwa ameinama akafungua nati moja moja, akazifuta, akazifunga katika leso yake ili zisipotee.

"Umuulize Papa," nilimwambia Mama Fiston, nikirudi katika njia ya adabu, "kwa nini hakukata?"

"Umuambie," alijibu, uso tena uani, "kintu ya muntu haikatwake."

Jumapili baada ya misa, alirudisha kebo na kidude garini, mimi nikisimama mbali kama inavyofaa, na Mama Fiston akimpa spana. Taa zikazimika karibu zote. Walinipakilia betri yangu nzee nyuma pamoja na samaki, na wao wakabaki na waya wa taa unaoning'inia bila kitu. Niliwaambia, kupitia kwa mama, kwamba betri yao itarudi. Papa Fiston alisema neno moja tu, kupitia kwa mama: isirudi na haraka, irudi na watu.

Barabara ya kurudi ilikuwa ile ile, makala yale yale. Karibu na Kapolowe niliona lori limesimama kando, mlango wazi, na miguu miwili ya dereva imetokeza nje ya kiti. Siku ya kwenda ningesema anauza mafuta. Nilipunguza mwendo nikaangalia kama kuna madumu. Hapakuwa na madumu, ila niliangalia.

Nadège alinipokea langoni. "Mama, ni bantu ya namna gani?" Nikamwambia aniache kwanza nipumzike, na uso wake ukasawijika. Sikuwa namtesa. Neno lilikuwa bado linatafuta njia.

Juma lililofuata, betri ya Zacharie ilifika. Aliifunga, akakirudisha kidude juu yake, akachomeka mashine yake ndogo chini ya usukani na kuanza kubonyeza. Nilimuuliza anafanya nini tena, gari si limeshaamka?

"Ninaiambia gari kama batri ni mupya," alisema. "Yenyewe haijue. Nikiacha hivi, itaendelea kuitendea sawa ile ya zamani, kila siku inazani imechoka."

Nilimlipa nikaenda moja kwa moja nyumbani. Nadège alikuwa anachagua mchele. Nikamwambia: "Uwaambie bakuye na mahari." Alimwaga mchele wote chini, na kwa mara ya kwanza sikumgombeza.

Betri ya kijivu tuliituma Likasi mikononi mwa Fiston, na nyuma yake watu wa Fiston wakaja, kama alivyotaka mzee. Walikuja na mahari, na vitenge, na kuku hai wawili. Wajomba waliposhamaliza maneno yao, nilivuka chumba nikasimama mbele ya Papa Fiston. Nilikuwa nimeifua ile leso ya bluu na kuipiga pasi. Kila mtu chumbani alijua haifai. Nilimnyooshea. Aliitazama, akanitazama, akaipokea kutoka mkononi mwangu.

Halafu nikaenda jikoni kuwaangalia wale kuku kama ni wazima. Walikuwa wazima.